Kachumbari ya Mkwilima

Mimi Milembe nina hasira za karibu. Najua, sihitaji mtu wa kunikumbusha. Wanakwaya wenzangu pale kigangoni Nkololo wananiita Pilipili, na si kwa sababu ya kachumbari peke yake. Lakini siku ninayotaka kuwaeleza, hasira hiyo nusura iue mtu, na mtu mwenyewe ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Mpaka leo nikishika nyanya mbichi naigeuzageuza kwanza, na sioni aibu kusema.

Chanzo kilikuwa kuku. Mume wangu Ndalahwa alichinja kuku wangu aliyekuwa ameatamia mayai kumi na moja, akawapikia wenzake waliokuja kuangalia ng'ombe. Hakuniuliza. Narudi kutoka kisimani nakuta manyoya. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, naye akanijibu kwamba kuku ni kuku tu. Basi tukanuniana. Siku nne ndani ya nyumba moja, hakuna salamu ya mwangaluka asubuhi, hakuna karibu chakula. Nampikia, naweka, naondoka. Anakula, anaacha sahani, anaondoka. Watu wazima wenye mvi, jamani.

Katikati ya kununa huko akapiga simu Specioza, binti yetu aliyeolewa Mwandoya. Mimba yake ilikuwa na miezi saba, na mumewe Paschal alikuwa anamleta Jumamosi ili akae kwetu mpaka ajifungue. Akasema, "Mama, nitengenezee kachumbari yako, ile ya ndimu. Nailota usiku na mchana." Nikacheka mwenyewe jikoni. Mtu akiiota kachumbari yangu, hasira zote zinapoa, isipokuwa za Ndalahwa.

Niseme kidogo kuhusu hiyo kachumbari, maana wengine wanakatakata nyanya na vitunguu ovyo wanaita kachumbari. Mimi vitunguu navikata vyembamba mpaka unaona mwanga, navivuruga kwa chumvi, navikamua, navisuuza, ukali wote unaisha. Nyanya nachagua ngumu. Tango natoa mbegu. Kotimiri, pilipili kichaa tatu, ndimu mbili, na chumvi ya mwisho naitia wakati wa kula, vinginevyo inatoa maji. Nikitengeneza beseni moja nyumba nzima inakula siku nzima. Mchana inaenda na ugali na samaki wa kukaanga. Nyingine naimwaga kwenye kikaango cha moto, navunjia mayai juu yake, hiyo mboga tayari. Ikibaki jioni inaingia kwenye maharage. Watoto wangu wanne wamekua kwa beseni hilo.

Nyanya zangu nalima mwenyewe, mistari miwili tu, kando ya shamba la pamba la Ndalahwa, pale karibu na njia ya ng'ombe. Shida yake ni moja. Funza wa pamba hachagui, akichoka na vitumba vya pamba anahamia kwenye nyanya. Mimi huwa nazinyunyizia majivu.

Jumamosi hiyo niliamka na mafua mazito, maana ilikuwa mwezi wa tatu na mvua ilikuwa haijatuacha vizuri. Nikaenda shambani na ndoo. Nilipofika kwenye nyanya nikasimama. Mwanzo wa mstari palikuwa na kijiti, na juu ya kijiti kimefungwa kitambaa. Kitambaa gani? Kitenge changu! Kile cha zambarau chenye maua ya njano, sare ya send-off ya Specioza, kimechanwa kipande kizima.

Huku kwetu kitambaa kwenye kijiti kina maana yake. Mtu akishapiga dawa mboga au kunde zilizo njiani anafunga kitambaa, ili mpita njia asichume. Mtoto wa darasa la pili anajua. Nami najua, nimezaliwa humu humu. Lakini hasira ikishanipanda mimi sioni kijiti, naona kitenge. Nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwehu, "Huyu mzee kuku hakumtosha!" Nikakivuta kwa nguvu mpaka kijiti kikang'oka. Nikajifunga kile kipande kiunoni ili nikifika nyumbani akione, ajue nimeona. Halafu nikachuma nyanya, ndoo nusu.

Zilikuwa na madoa meupe. Nikasema ni majivu yangu. Harufu sikusikia, pua ilikuwa imeziba. Nyumbani nikazisuuza maji mara moja kwa haraka, maana wageni walishapiga simu kwamba wapo Bariadi mjini wanapanda gari.

Nikatengeneza beseni langu. Nikaonja, nikaongeza ndimu, nikaonja tena. Kidogo nikaweka kwenye hotipoti ya Ndalahwa pamoja na ugali, akachukua bila neno, akapanda baiskeli kwenda kuchunga. Kidogo nikakaangia mayai. Iliyobaki nikajaza bakuli kubwa la maua, hiyo ndiyo ya Specioza.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo lazima mlijue. Sisi Wasukuma wa zamani, mama mkwe na mkwilima wake, yaani mume wa binti yake, hawaangaliani usoni. Nikikutana na mkwe wangu njiani, mmoja anaingia porini kumpisha mwenzake. Hatuli pamoja. Siingii chumba anamokula. Vijana wa mjini wanacheka, wacheke tu. Paschal ni fundi umeme, ana simu kubwa, lakini kalelewa hivyo hivyo. Miaka minne tangu amuoe Specioza, sauti yake naijua, kikohozi chake nakijua, ila uso wake ungechanganywa na wa wanaume wengine kumi, nisingeutambua.

Kwa hiyo walipofika, Paschal alinisalimia kutoka nyuma ya zizi, nami nikaitikia nikiwa jikoni, nimegeukia ukuta. Specioza alikuja kunikumbatia, tumbo limetangulia. Ilipofika saa saba akaja mwenyewe kuchukua vyombo, kimoja kimoja, akavipeleka nyumba kubwa: ugali, samaki, sahani ya mayai, bakuli la kachumbari. Mimi nikabaki jikoni kwenye kigoda, nimetulia, nasikia redio ya simu yao inatangaza mpira.

Saa nane hivi nikasikia baiskeli inaangushwa chini. Haikuegeshwa, iliangushwa. Ndalahwa akaingia jikoni amekumbatia hotipoti, mfuniko umefunguka, jasho linamtiririka. Akasema neno lake la kwanza baada ya siku nne.

"Nyanya hizi umezitoa wapi?"

Mimi nikabinua mdomo. "Alaa! Kumbe ulimi bado unao?"

"Milembe. Nyanya umezitoa wapi?"

"Shambani kwangu. Kwani nalima wapi kwingine?"

Akakaa chini, kwenye vumbi, mzee mzima. "Alhamisi ulipoenda kwaya nilizipiga dawa," akasema. "Dawa ya pamba. Funza walikuwa sugu, nikazidisha, vifuniko viwili kwa bomba moja. Nimefungua hotipoti nikasikia harufu yake, sikula. Na niliweka kitambaa. Nilichukua kile kitenge kwa sababu nilijua hicho huwezi kukipita bila kukiona."

Halafu akaangalia kiuno changu. Kitambaa kilikuwa hapo hapo.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nimeshaona nyoka kitandani, nimeshazaa mtoto wa pili kwenye trekta, lakini hofu hiyo ilikuwa nyingine. Wazo lilikuwa moja tu: Specioza na mtoto wake. Nilikuwa nimempa sumu mwanangu kwenye bakuli la maua.

Nikakimbia. Kutoka jikoni mpaka mlango wa nyumba kubwa ni hatua ishirini, nami mlangoni nikasimama. Ndiyo, nilisimama! Nacheka sasa, ila ni kicheko cha aibu. Mwanangu anakufa ndani na mimi nimesimama kwa sababu mkwilima anakula. Nikaita, "Specioza!" Redio ikaimeza sauti yangu. Nikaita tena. Kisha nikasukuma mlango nikaingia.

Paschal aliponiona aliruka kutoka kwenye kiti kama kachomwa moto. Akageukia ukutani, akafunika uso kwa mikono yote miwili. "Nisamehe, mayu!" akasema, yaani mama, utadhani kosa ni lake.

"Mama!" Specioza akasema. "Mbona unaingia?"

Mimi naangalia meza. Bakuli tupu. Sahani ya mayai tupu, imefutwa mpaka mafuta.

"Nani amekula kachumbari?"

Specioza akamtazama mumewe.

"Nauliza nani amekula!"

Specioza akaanza kulia. "Usikasirike, mama. Nina kiungulia, nikiweka kitunguu mdomoni tu kinawaka. Mayai nayo nikasikia kichefuchefu. Umehangaika tangu asubuhi, sikutaka ujisikie vibaya. Amenilia Paschal, yote. Mimi nimekula ugali na samaki."

Nitasema ukweli wote. Nilifurahi. Kufumba na kufumbua, nilifurahi, Mungu anisamehe. Mwanangu hajala. Kisha nikaona mgongo wa Paschal pale ukutani. Shati lilikuwa limelowa, limegandana na ngozi, na hakukuwa na joto la kumtoa mtu jasho namna ile.

"Ni pilipili tu," akasema kwa ukuta, anajaribu kucheka. "Kachumbari ya mayu ni kali. Machozi yananitoka tangu saa hizo."

Niliposikia hivyo nikamwambia Specioza kila kitu kwa sentensi mbili. Hakupiga kelele. Alichukua simu akatoka. Kwetu mtandao unakatakata, unashika vizuri sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya zizi, basi akaenda pale na tumbo lake akampigia Benedikta, nesi wa zahanati yetu, ambaye siku hiyo alikuwa Bariadi. Ndalahwa alikuwa ameshaingia na kibuyu cha maziwa, maana huku mtu akila sumu watu wanakimbilia maziwa. Nikasikia Specioza anapiga kelele kutoka kichuguuni, "Asipewe maziwa! Benedikta anasema asipewe kitu, wala msimtapishe! Tafuteni usafiri!" Ndalahwa akaweka kibuyu chini, akaokota baiskeli yake, akaenda senta mbio kutafuta pikipiki au gari.

Tukabaki wawili chumbani, mimi na mkwilima wangu. Yeye kageukia ukuta, mimi nimegeukia mlango. Hebu fikirieni ujinga huo. Nasikia anapumua kwa shida, kama mtu aliyepanda mlima, na anameza mate kila mara.

"Mama!" Specioza akaita. "Benedikta anauliza, mboni za macho zikoje? Mwangalie machoni! Kama zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano ni sumu, si pilipili!"

Mimi nikamjibu kwa kelele, "Njoo umwangalie wewe!"

"Nikishuka simu inakata! Mama, mwangalie!"

Niliogopa. Nilikuwa naogopa vitu viwili kwa pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa. Mama yangu alikufa bila kumtazama usoni mume wangu hata siku moja. Nikamwambia Paschal, "Baba, geuka." Akatikisa kichwa. "Geuka, nakuambia!" Na hapo hasira yangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ikafanya kazi ya maana. Nilimshika bega, nikamgeuza, nikamtoa mikono usoni.

Alikuwa kijana. Sikujua kama alikuwa kijana kiasi kile. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na ndevu hazijamwota vizuri. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kwa heshima yangu, machozi yanamtiririka kwenye mashavu na mate yanamtoka pembeni ya mdomo. "Fumbua," nikamwambia, na sauti ikawa ya kubembeleza, sijui ilitoka wapi. Akafumbua. Mboni zilikuwa vidoti. Vidoti viwili tu, kama mtu kavigusa kwa kalamu.

"Ndogo!" nikapiga kelele. "Specioza, ni ndogo!"

Nikamsikia anamrudia Benedikta neno hilo kwenye simu.

Pikipiki ilifika. Ndalahwa alikuwa amemtuma Kasmiri, bodaboda wa senta, atangulie, yeye akabaki kule kutafuta gari la kumbeba Specioza. Benedikta alisema Paschal avuliwe shati, aoshwe uso na mikono kwa sabuni, na tusisahau chupa ya dawa. Nikamwosha mwenyewe, nikamvalisha shati la Ndalahwa. Nikachukua chupa kwenye paa la stoo nikaifunga kwenye kile kipande cha kitenge. Paschal alijaribu kupanda pikipiki, akayumba. Kasmiri akatuangalia. "Peke yake ataanguka," akasema. "Lazima mtu amshike kwa nyuma."

Hapakuwa na mtu mwingine. Specioza na mimba ya miezi saba kwenye barabara ile? Haiwezekani. Basi nikapandisha sketi, nikakaa nyuma ya mkwilima wangu, nikampitishia mikono kifuani nikaifunga mbele. Tukaondoka.

Sitaki kuwaeleza safari yote. Nilikuwa nasikia moyo wake kwenye mikono yangu, unapiga polepole, polepole mno, halafu unapumzika, nami napumzika nao, nasubiri. Misuli ya mgongo wake ilikuwa inachezacheza chini ya shati, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. Alitapika mara mbili, ya pili ikatumwagikia wote. Kila tukiruka shimo kichwa chake kilikuwa kinaangukia bega langu, nami nakirudisha kwa kidevu. Nilimsemesha njia nzima. Nilimwambia habari za Specioza alipokuwa mdogo, alivyokula sabuni akidhani ni muhogo. Nilimwambia, "Ukifa mimi nitamwambia nini mtoto huyu?"

Katikati ya njia ng'ombe walikuwa wamejaa barabara nzima. Mwenye ng'ombe ni Shigela, tunafahamiana, shamba lake linapakana na letu. Alitukodolea macho. "Milembe," akasema, "huyo uliyemkumbatia si mkwilima wako?"

"Toa ng'ombe, Shigela!"

"Yaya, hapana, lakini..."

"Toa ng'ombe nimesema, au nikushukie hapo hapo!"

Akawatoa. Lakini nilimsikia nyuma yetu anamwita mtu, na nikajua kwamba kabla ya jua kuzama Nkololo nzima itakuwa na habari.

Hospitalini Bariadi walimlaza Paschal kwenye kitanda cha magurudumu. Mapovu yalikuwa yamemjaa mdomoni. Daktari akauliza haraka haraka, "Amekula nini? Nani amekuja naye?"

"Mimi," nikasema.

"Ni nani wake?"

"Mama mkwe wake."

Watu kwenye benchi waligeuka wote. Nikaona wanavyonitazama. Huku kwetu, mwanamke wa umri wangu, macho mekundu kwa moshi wa miaka thelathini, akileta mkwe anayetokwa na mapovu, na chakula alipika yeye, watu hawaulizi mengi, wanasema mchawi. Nawajua wanawake waliohama vijiji vyao kwa jambo dogo kuliko hilo, na mmoja aliyeuawa kabla hajahama. Nilitaka kusema sijui. Nawaambia ukweli, neno "sijui" lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Nikafungua kitambaa, nikaweka chupa mezani. "Amekula kachumbari yangu," nikasema. "Nyanya zilipigwa dawa hii Alhamisi, vifuniko viwili kwa bomba moja. Kulikuwa na alama. Alama niliitoa mimi."

Daktari alisoma chupa, akataja sindano, wakaondoka naye wanakimbia. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilikaa kwenye benchi na hakuna aliyekaa karibu nami. Tumbo lilikuwa linanisokota na mate yanajaa mdomoni, nikasema ni hofu. Nikaenda nyuma ya jengo nikatapika. Nesi mmoja akanifuata, akaniuliza, "Mama, na wewe uliila?" Nikamwambia nilionja tu. "Mara ngapi?" Nikahesabu, nikaona aibu kutaja. Na mimi wakanichoma sindano, wakanitundikia dripu, nikalala naangalia dari, kila mlango ukifunguka nadhani wanakuja kuniambia amekufa. Saa kumi na moja jioni Specioza na baba yake walifika na gari la mizigo. Specioza alisimama kwenye mlango wa wodi yangu. Hakuingia. Aliniangalia, halafu akaenda kwa mume wake. Hiyo iliniuma kuliko sindano.

Paschal alikaa siku mbili hajitambui vizuri. Siku hizo Ndalahwa alikaa nami, na tulizungumza, kwa kuwa ilibidi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwa mdomo kwamba amepiga dawa. Akasema alikuwa anangoja mimi nianze kumsalimia. Nikamwambia na mimi nilikuwa nangoja yeye.

Siku ya tatu Specioza akaja, macho yamevimba. "Ameamka," akasema. "Daktari anasema atapona. Anaweza kunywa uji." Nikamwambia ampelekee, tayari nilikuwa nimekoroga wa ulezi kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa. Akachukua kikombe akaingia, mimi nikasimama nje ya mlango, mgongo ukutani, kama desturi inavyotaka. Nikasikiliza.

Muda ukapita. Halafu nikamsikia Specioza anasema kwa sauti ya chini, "Kunywa basi." Nikasikia kikombe kinawekwa mezani. "Paschal, ni uji tu." Kisha sauti yake Paschal, nyembamba, imechoka: "Nani kapika?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nataka mjue hivyo. Aliuliza kama mtoto aliyeungua anavyouliza kuhusu moto. Mgonjwa mmoja, mzee wa kitanda cha dirishani, akasema waziwazi, "Usinywe, kijana."

Miguu yangu ilitaka kuondoka. Nirudi Nkololo, nijifungie jikoni, nisionwe na mtu mpaka nife. Nikaingia wodini. Paschal alipoona ni mimi alianza kugeuza uso, kisha akaacha, shingo haikuwa na nguvu. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Specioza alishika mdomo.

"Kitambaa nilikivua mimi," nikamwambia, nikimtazama machoni. Mboni zilikuwa zimerudi, pana na nyeusi. "Baba yako mkwe aliweka alama. Niliiona. Nilikuwa na hasira za kuku, nikaivua. Sikutaka kukuua, baba, lakini nusura nikuue."

Nikachukua kikombe mkononi mwa Specioza. Wazee wetu mtu akimpa mgeni pombe huinywa kwanza yeye, mgeni aone. Ila hakuna mama mkwe aliyewahi kuweka kitu mdomoni mbele ya mkwilima wake, sijawahi kusikia, na yule mzee wa dirishani naye hajawahi kusikia, maana alishusha pumzi kwa nguvu. Nikanywa. Nikanywa funda la pili, kubwa, nikameza, nikafungua mdomo aone hakuna kilichobaki.

Halafu nikakaa, nikamwachia muda wa kuniangalia kama nitakufa.

Aliniangalia sana. Mwisho akanyoosha mkono wenye dripu, akashika kikombe pale pale nilipokuwa nimekishika mimi, vidole vyake juu ya vyangu.

"Uji una sukari kidogo mno, mayu," akasema, alipokwisha kunywa.

Nikaenda kutafuta sukari, nalia.